Kitanda cha Mfumi: Taulo Isiyonywa Maji, Kutu ya Chanuo, na Mteja wa Taulo Arubaini

Tangu niseme hapa kwamba kitanda changu kimetandwa taulo za jikoni, simu haijapoa. Nimechambua maswali nikabaki na haya. Kwa aliyeingia leo: kitanda hapa ni cha mfumi, si cha kulalia. Mtande ni nyuzi zilizovutwa kutoka nyuma kuja mbele. Mshindio ni uzi unaokatiza, kulia kwenda kushoto na kurudi. Vitanzi, vilivyofungwa kwenye fremu, ndivyo vinavyoinua mtande ukikanyaga. Chanuo, lenye meno ambamo mtande hupita, ndilo la kupigia mshindio. Kidau ni kile kijiti chenye tumbo la chombo kinachobeba mshindio. Hilo la kidau tumelizoea hapa kwangu Langoni, mjini Lamu, kamusini msilitafute.

Shikamoo mwalimu. Nimemaliza taulo yangu ya kwanza, nzuri ajabu, lakini haipangusi. Maji yateleza juu yake kama juu ya jani la mgomba. Nimekosea wapi? (Malindi)

Marahaba mwanangu. Hujakosea, umefanya haraka. Pamba ina nta yake ya asili, na uzi wa kiwandani huongezewa vitu vingine ili upite kwenye mashine bila kukatika. Nguo ikitoka kitandani bado imevaa hayo yote. Ifue kwa maji ya moto na sabuni ya kawaida mara mbili au tatu, uisugue kweli, uianike. Ile dawa ya kulainisha nguo iweke mbali, kwa kuwa huacha utando juu ya uzi na utarudi pale pale. Kisha jaribu: tandaza taulo mezani, dondosha tone moja la maji kwa ncha ya kidole. Tone likikaa juu limevimba kama jicho la samaki, rudi ukafue. Likizama papo hapo, taulo imekuwa taulo.

Kwangu mimi nguo ambayo haijafuliwa sijaihesabu kuwa imekwisha, hata iwe na pambo gani. Wateja hupenda kuipiga picha ikiwa mbichi, imenyooka. Wapige tu, lakini wasiipeleke jikoni.

Mwalimu, nina fremu nne na kanyagio sita. Nataka taulo nne zenye pambo la almasi, uzi wa 8/2. Ninunue uzi kiasi gani? Kila nikipiga hesabu napata jibu jipya. (Mombasa)

Kaa na kalamu, tuipige pamoja. Tuseme wataka taulo ikishafuliwa iwe sentimita 45 kwa 70. Pamba hujikunja ikitoka kitandani na hunywea ikifuliwa, kwa hiyo ndani ya chanuo anza na upana wa sentimita 52, na kila taulo ifume sentimita 85, pindo za juu na chini zikiwemo.

Almasi ni pambo la mshazari, yaani la mistari inayoinama, na kwa pambo hilo 8/2, uzi wa pamba wa unene namba 8 uliosokotwa mbili mbili, hukaa vizuri nyuzi 8 kwa sentimita. 52 mara 8 ni 416. Na hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Almasi hutiwa kwenye vitanzi kwa mfuatano wa fremu 1-2-3-4-3-2, yaani nyuzi sita, kisha unarudia. Ukirudia mara 69 umetumia nyuzi 414, na unahitaji moja zaidi, kwenye fremu ya 1, ili ukingo wa kushoto ufanane na wa kulia. Jumla 415. Ukiing'ang'ania 416, utabaki na uzi mmoja uliopotea njia, na jicho lako litauona kila siku hata kama mgeni hauoni. Ongeza nyuzi mbili za pembeni, nitakazozieleza kwa mwenzako hapo chini, zinakuwa 417.

Urefu: taulo nne za sentimita 85 ni 340. Ongeza sehemu ya kumi, kwa sababu mtande haulali sawa, unapanda na kushuka juu ya mshindio: 374. Ongeza 80 za kufungia mbele na nyuma, ambazo hazifumiki. Ni 454, andika mita 4.6. Mara 417, mtande wako ni kama mita 1,920. Mshindio ukiupiga 8 kwa sentimita pia, utakula kama mita 1,560. Kilo moja ya 8/2 ina mita 6,700 na ushei, basi kazi yote ni zaidi kidogo ya nusu kilo. Nunua gramu 600, nunua siku moja, dukani pamoja. Buluu ya leo na buluu ya mwezi ujao ni ndugu wa baba mmoja tu.

Kanyagio: ya kwanza iinue fremu 1 na 2 pamoja, ya pili 2 na 3, ya tatu 3 na 4, ya nne 4 na 1. Ukienda hivyo moja kwa moja utapata mawimbi. Ukienda na kurudi utapata almasi.

Bibi, taulo yangu imebanwa kiuno katikati kama gunia la mchanga lililofungwa kamba. Na pembeni nyuzi zaning'inia hazikushikwa. (Faza)

Mawili hayo, usiyachanganye.

Kiuno chatokana na mkono wako kuvuta. Kidau kikitoka upande wa pili, usiukaze uzi ukalala mnyoofu. Uache upande kama ngalawa inayokata maji mshazari, kisha ndipo upige chanuo. Ule urefu wa ziada ndio utakaozunguka nyuzi za mtande. Uzi mnyoofu hauna pa kuzungukia ila kwa kuzivuta kingo ndani. Pima upana kila baada ya sentimita kumi, usingoje taulo iishe.

Zinazoning'inia ni desturi ya mshazari wenyewe: uzi wa mwisho pembeni hupitwa mara nyingine bila kushikwa. Dawa yake ni uzi mmoja kila upande usiotiwa kitanzini, upitie kwenye chanuo tu. Kidau kikiingia kipite juu yake, kikitoka kipite chini. Kila safari. Mwanzo utasahau, mkono ukizoea hutasahau tena.

Nyumba yetu ni ya kale, Mkomani, vyumba vyembamba. Kitanda cha fremu nne kitaingia? (Lamu)

Kitaingia. Vyumba vyetu vimekuwa vyembamba kwa sababu ya boriti za mkoko zinazobeba dari, upana hauzidi sana mita mbili na nusu au tatu, lakini urefu wapo. Kitanda cha kufumia taulo kina upana wa mita moja na ushei. Kiweke msana wa tini, yaani ukumbi wa chini ulio kando ya ua, ubavu wako ukielekea kiwanda, ule ua wa ndani, upate mwanga wa siku bila jua kali kukuchomea rangi. Kabla ya kununua, pima mlango na ngazi, si chumba. Changu kilikuja kwa mkokoteni wa punda vipande vipande, na bado boriti moja ya nyuma ilituweka kwenye kona ya kichochoro tangu adhuhuri hadi alasiri, punda akitutazama kama sisi ndio wajinga. Hakukosea.

Tia mkeka au zulia kuukuu chini ya miguu ya kitanda. Jirani zako hawakuomba kusikia chanuo usiku.

Nyuzi zangu nyeupe zimetoka vitone vya hudhurungi. Nimetia dawa ya klorini, vimezidi. (Lamu)

Pole sana. Hiyo ni kutu ya chanuo, na klorini ndiyo inayoishindilia ndani. Usitie tena.

Nakuhurumia kwa kuwa nimepitia. Chanuo langu la kwanza niliuziwa nikaapiwa halishiki kutu. Kusi lilipoingia nikapata safari, nikaliacha siku tisa, mtande mweupe umo kwenye meno yake. Niliporudi nikakanyaga, nikasukuma chanuo nyuma, na pale lilipokuwa limeegemea kulikuwa na mstari wa vitone, kimoja kwa kila jino, vimejipanga kutoka ukingo hadi ukingo kama shanga za kahawia. Nilivihesabu kwa hasira nikaishia mia na kitu. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na chuma cha kawaida hakiwezi kupona humu.

Kwa nguo iliyokwisha ingia: kamua ndimu juu ya doa, nyunyizia chumvi, iache juani mpaka ikauke, suuza, rudia. Doa changa hutoka. Doa lililopigwa klorini laweza kufifia tu, basi hilo kata tamaa mapema ulale. Suuza sana, kwa sababu ndimu ikiachwa kwenye pamba huila.

Kwa kinga: nunua chanuo la chuma cha pua, hata kama itakubidi ungoje miezi. Kwa sasa lisugue lililopo kwa kitambaa kikavu kila jioni, wala usilipake mafuta ya cherehani, utabadilisha doa kwa doa. Na ukisafiri, sogeza mtande mbele kidogo urudipo, kabla hujapiga hata mshindio mmoja, uone kilichojificha.

Nyekundu ya mistari inachuja. Mamangu asema niiloweke kwa siki na chumvi kama kanga. (Mpeketoni)

Msalimu mama, lakini siki haifungi rangi kwenye pamba iliyokwisha tiwa rangi kiwandani, na chumvi vile vile. Kinachochuja ni rangi ya ziada. Kabla ya kutanda, chemshia kipande cha uzi huo kwenye kikombe pamoja na kipande cheupe. Cheupe kikigeuka waridi, uzi wote ufue peke yake mpaka maji yatoke meupe, au uurudishe dukani.

Dada, huu si ufundi wa Wazungu? Sisi watu wa mwambao kwetu ni ukili na mikeka. (hakutaja mji)

Kitanda cha fremu nne na kanyagio ninachotumia kina umbo la Ulaya, sibishi. Kufuma nguo ni jambo jingine. Shanga, kisiwani Pate, na Kilwa pia, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vigae vya vyungu vilivyotobolewa katikati, vya kusokotea uzi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alizitaja nguo za mji ule zilizokuwa zikipelekwa hadi Misri. Wareno wa karne ya 16 waliandika juu ya nguo za hariri za Pate. Na huyu nampenda kuliko wote: Duarte Barbosa, Mreno wa mwanzo wa karne hiyo hiyo, aeleza kwamba wafumi Waislamu wa Sofala, pwani ya Msumbiji, hawakujua kutia rangi, basi walinunua nguo za buluu za Cambay, huko India, wakazifumua, wakafuma upya buluu ile pamoja na uzi wao mweupe, nguo ikatoka na mapambo. Hebu fikiria mtu aliyekaa akafumua nguo nzima, uzi baada ya uzi, kwa ajili ya mistari.

Kilichotumaliza karne ya 19 ni nguo za viwandani, merikani na wenzake. Lakini lugha haikutupa: mfumi, mtande, mshindio, na taraza, ule ukingo wa rangi unaofumwa kwenye nguo. Hakuna aliyekuja na maneno hayo ndani ya sanduku la kitanda.

Mwenye hoteli Shela anataka taulo 40 baada ya wiki mbili. Nikubali? (Shela)

Usikubali. Mimi taulo moja ya almasi hunichukua saa tatu bila simu. Arubaini ni saa 120, nawe ukifuma zaidi ya saa tano kwa siku mgongo utakudai. Hizo ni siku 24 za kufuma tu. Ukitanda kumi kumi, mtande wa mita kama 10.2, utavalisha kitanda mara nne, kila mara siku mbili na nusu. Bado kufua na kupinda. Mwambie wiki saba, na nusu ya fedha kabla hujanunua uzi. Akisema ataagiza za mashine Mombasa, mwache aagize, ila mwombe akupe moja ukamjaribie tone la maji.