Pilot Sport 4S au Cup 2 kwa gari la kila siku, jua na mvua

Mkuu, umeuliza ufunge tairi lipi kati ya Michelin Pilot Sport 4S, la barabarani, na Pilot Sport Cup 2, lililolenga uwanja wa mbio, kwenye gari la kila siku ambalo mara mojamoja linaingia uwanja wa mbio. Funga 4S. Kwenye lami kavu Cup 2 inashinda, hakuna ubishi. Tatizo ni maji.

Na maji yenyewe ni mitihani miwili. Kuna lami iliyolowa tu, na kuna maji yaliyotuama. Lami ikiwa imelowa tu, kazi inafanywa na mpira: ukiwa na silika (silica, madini yanayochanganywa kwenye mpira) ya kutosha hubaki laini hata ukiwa wa baridi, ukajibana kwenye vichangarawe vya lami. Kwenye maji yaliyotuama, ubora wa mpira hauna msaada kama mifereji haiwahi kuyatoa. Tairi linapanda juu ya maji, usukani unakuwa mwepesi ghafla, ukikanyaga breki hupati kitu. Hapo yanayoamua ni kina cha kashata (meno ya tairi), upana, upepo na mwendo wako. Kwa kina na upepo uleule, tairi la 285 (upana wa mm 285) huanza kuelea mapema kuliko la 225, kwa hiyo anayeongeza upana ili ashike kona anajipunguzia usalama kwenye madimbwi.

Cup 2 upande wa nje ni kama kipara: vipande vikubwa vya mpira, mifereji michache. Ndiyo maana haijipindi kwenye kona kali. Pia huanza na kina kidogo kuliko 4S. Ikishapata joto, kwenye lami iliyolowa inashika kuliko watu wanavyodhani. Asubuhi ya baridi yenye madimbwi ni habari nyingine.

Maandishi ya ubavuni yasikudanganye. Traction AA, daraja la mshiko, hupimwa kwa breki ya mstari mnyoofu kwenye lami na zege iliyolowa. Kona haimo, kuelea hakumo. Lebo ya Ulaya ya mshiko wa maji, A hadi E, nayo hupima breki kutoka 80 hadi 20 km/h, tena kwa tairi jipya. Treadwear (namba ya uchakavu) 300 ya 4S inakupa picha ya uimara tu, na kila kampuni hujipangia namba yake, kwa hiyo usilinganishe chapa tofauti kwa namba hiyo.

Majedwali mengi ya kulinganisha yana kasoro hiyohiyo ya kupima matairi mapya. Tairi la kawaida lenye kashata ya 7 mm litalipita tairi la bei mbaya lililobaki na 2 mm pale maji yalipotuama. Sheria za nchi nyingi zinaruhusu hadi 1.6 mm, lakini kwa gari la mwendo mkali mimi ningebadilisha kwenye 3 mm. Pima ukingo wa ndani pia. Alaimenti (mpangilio wa magurudumu) ikiwa mbaya, nje utaona kashata nzuri kumbe ndani pameisha.

Upepo ndio unaowaponza wengi wa uwanjani. Hupanda takriban psi 1 (kipimo cha upepo) kwa kila nyuzi 5 hadi 6 za joto, kwa hiyo watu huupunguza kabla ya kuingia. Halafu mvua inanyesha, wanarudi nyumbani na psi 26 tairi likiwa la baridi: katikati ya tairi panabonyea, maji hayatoki, gari linaelea. Rudisha kiwango kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango kabla ya kutoka uwanjani.

Wakati wa kufunga, neno OUTSIDE lililo ubavuni mwa tairi likae nje pande zote mbili. Index ya uzito na herufi ya mwendo visishuke chini ya vya kiwandani (94Y ni kilo 670 na 300 km/h). Ukinunua mawili tu, mapya yaende nyuma hata kama gari linavuta mbele, kwa sababu nyuma ikielea gari linazunguka. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne funga mapya yote manne, kina kikipishana sana unaua difu (gia zinazogawa nguvu kwenye magurudumu). Kilomita 300 za mwanzo usilikimbize. Uso wa tairi jipya huteleza.

Ukiwa na hamu kweli na Cup 2, tafuta seti ya pili ya rimu, uzifunge siku ya uwanja tu. Zihifadhi pasipo na jua, na kwenye baridi ya kugandisha usiziendeshe wala kuzihamisha, mpira wake unaweza kupasuka.