Kabla ya kaliba, ng'oa kwanza hiyo besi uliyofungiwa bure

Mkuu, habari ya kaliba iache pembeni kwanza. Bunduki na darubini umeshanunua, ila bado unauliza kaliba, yaani aina ya risasi, iwe .300 Win Mag au 6.5 Creedmoor, mtutu wa urefu gani, risasi ya uzito gani, darubini ya namna gani, yote kwa ajili ya kuwinda kulungu wa mita 400 mpaka 500. Maswali mazuri, na watu wameshakujibu kurasa mbili nzima. Ila hakuna aliyegusa kimstari ulichokitupia katikati kama si kitu: "Besi fundi kanifungia bure na imekaza kweli kweli, pete nitachukua za bei ndogo kwa muda, hela imeishia kwenye bunduki na darubini." Besi ni kile chuma kinachofungwa kwa skrubu juu ya bunduki, na pete ndizo zinazoishika darubini juu yake. Niliposoma hapo nikasema huyu ni mimi. Mpaka neno "bure" ni langu.

Mimi pia nilianzia juu kushuka chini. Nilinunua .300 Win Mag yenye mtutu mrefu, nikaiwekea darubini ya 5-25, yaani inayokuza mara 5 mpaka 25, iliyokuwa inanizidi uwezo, na kile chuma kinachoziunganisha hizo mbili nikakichukua kwenye droo la mabaki. Ni kama mtu ameshona suti halafu suruali anaifunga kwa kamba ya katani. Fundi akanifungia, akaipiga kofi darubini yangu mpya na kiganja, akasema hiyo haitoki hata uigonge kwa nyundo. Nikamwamini. Alikuwa na aproni, mkuu. Mtu mwenye aproni nani atambishia?

Uwanjani ikawa hivi. Risasi tano za kwanza mita 100 zinaingia kwenye duara la sarafu. Napiga picha, nawatumia rafiki zangu, najisifu. Naacha mtutu upoe, narudi mezani, tano nyingine zinakusanyika vizuri vile vile, lakini sentimita saba, nane chini ya zile za mwanzo. Narekebisha darubini. Wiki inayofuata zimerudi juu. Sasa hapo mtu mwenye akili angejiuliza ni kitu gani kinachohama. Mimi nikalaumu risasi. Nikanunua aina tatu tofauti, maboksi kwa maboksi, na kila aina ilinidanganya kwa zamu yake. Nikalaumu darubini, nikaiuza kwa hasara, nikachukua nyingine. Aliyeinunua anaitumia mpaka leo, na kila msimu akipata kulungu ananitumia picha. Simjibu.

Nikarudi kwa yule fundi. Hakushika hata bisibisi. Aliniangalia bega, akasema, "Labda unaogopa teke." Maneno hayo yalinigharimu miezi. Maana .300 Win Mag inapiga teke kweli, na kila mtu anayeipiga anajua moyoni kwamba kuna siku alifumba macho. Basi nikakaa chumbani na bunduki tupu, nimeikagua mara tatu, nimeweka sarafu juu ya mtutu, nafyatua. Sarafu ikianguka, naanza upya. Nilifanya hivyo jioni baada ya jioni mpaka sarafu ikakaa pale kama imegundishwa. Risasi bado zikahama. Tena nikaanza kuwa na wasiwasi na macho yangu.

Msimu ukafika. Siku mbili kabla ya safari nilipiga ziro, yaani kuhakikisha risasi inapiga pale darubini inapolenga, ikakaa pale pale, nikajiambia limeisha. Bunduki ikasafiri kwenye gari, njia ya mawe. Nilipofika sikupiga hata risasi moja ya kuhakikisha, nikihofia kelele zitafukuza wanyama. Asubuhi ya pili nikampata amesimama ubavu, ng'ambo ya bonde, kipimo cha leza kinasema 320. Upepo hakuna, majani yametulia. Nimelala chini, miguu ya bunduki mbele, mfuko wa mchanga chini ya kitako. Nikaweka msalaba wa darubini nyuma ya bega, katikati ya kifua, nikafyatua. Nitaapa mbele ya yeyote kwamba ule mfyatuo ulikuwa msafi kuliko yote niliyowahi kufyatua.

Akapiga magoti mbele, akainuka, akaondoka kwa miguu mitatu.

Pale alipokuwa amesimama nikakuta nywele, damu kidogo, na kipande cha mfupa cheupe, chembamba kama kijiti cha meno. Mguu wa mbele. Nilifuata matone mpaka tochi ikaisha chaji. Kesho yake nikafuata tena tangu alfajiri mpaka jua linazama, na damu ilikuwa imeshakoma tangu saa nne asubuhi. Sikumpata. Sina cha kuongeza hapo.

Niliporudi nilifungua darubini nikiwa na nia ya kuuza kila kitu. Nikatoa pete, ikabaki besi juu ya bunduki. Nikaisukuma kwa dole gumba: kimya, haichezi. Ndiyo "imekaza kweli kweli" yako hiyo. Halafu, sijui ni nini kilinituma, nikakata ukanda wa karatasi ya kawaida ya kuchapishia nikaupenyeza mbele, pale besi inapolalia chuma cha bunduki. Ukaingia. Ukateleza mpaka ukagota kwenye skrubu ya kwanza, laini kabisa, kama barua chini ya mlango.

Nikazitoa skrubu zote nne nikazipanga mezani. Mbili fupi, mbili ndefu kidogo, na zile ndefu ndizo zilizokuwa mbele. Kwenye bunduki nyingi za boliti, zile za kuvuta komeo kwa mkono, tundu za mbele ni fupi, kwa sababu chini yake kuna nyuzi ambazo mtutu umefungiwa. Ukitia skrubu ndefu pale, ncha yake inagota chini kabla kichwa hakijaibana besi. Mkononi unasikia imekaza, na kweli imekaza, lakini imekazana na mtutu! Besi imekaa tu pale juu kama mgeni aliyekosa kiti. Ncha za zile skrubu mbili zilikuwa zimeng'aa kama zimepigwa msasa. Yule bwana wa aproni alikuwa amechanganya za mbele na za nyuma, basi. Kosa la sekunde kumi.

Sasa fanya hesabu na mimi, maana hapa ndipo watu hawaamini. Karatasi ile ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Besi yangu ina urefu wa sentimita 12 hivi. Mbele ikiinuka kwa unene wa karatasi, mita 100 risasi inahama sentimita 8. Mita 320 inahama karibu 27. Na darubini ikiinua pua, risasi inapiga chini. Kutoka katikati ya kifua cha kulungu, shuka sentimita 27 uniambie umefika wapi. Umefika mguuni. Kwa mita zako 400 ni sentimita 33, na eneo lote la moyo na mapafu unalotakiwa kulipiga ni la sentimita 20 mpaka 25. Karatasi moja, mkuu. Wewe unaniuliza habari ya uzito wa risasi!

Fundi wala sikurudi kumgombeza. Nilipita tu kumwonyesha skrubu, akasema, "Aah, hizo zinafanana." Zinafanana! Wanaonitia hasira kuliko yeye ni wale wa video za bunduki, wanaotumia dakika arobaini kulinganisha kaliba mbili ambazo kulungu hatazitofautisha, halafu kufunga darubini wanakupitisha kwa sekunde tano na muziki juu yake. Ndio walionifundisha kwamba pete ni pete tu.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na siibadilishi kwa mtu: nunua kuanzia kwenye skrubu kwenda juu. Besi na pete za maana kwanza, darubini ya kiasi ambayo ukiizungusha na kuirudisha, inarudi ilikotoka, halafu bunduki kwa hela itakayobaki. Kwa kuwa umeshanunua, kama darubini yako nayo ni 5-25 iuze uchukue ndogo yake, na tofauti iende kwenye pete. Usinikasirikie. Kwa kulungu wa mita 400 ukuzaji wa mara 10 au 12 unatosha kabisa. Hiyo 25 utaitumia kuhesabu nywele zake.

Fundi usimwite. Fanya mwenyewe, bunduki ikiwa tupu na boliti imetolewa. Weka besi kwa skrubu moja tu, kaza, jaribu kuitikisa. Ikicheza hata chembe, skrubu hiyo ni ndefu kwa tundu hilo. Itoe, jaribu inayofuata peke yake, moja moja mpaka ziishe. Rudisha boliti pia uone inapita bila kukwaruza, kwa sababu wakati mwingine ncha ya skrubu inatokeza ndani. Safisha mafuta kwenye nyuzi kwa asetoni, tia tone dogo la ile gundi ya bluu ya skrubu kwenye besi tu. Za pete mimi siweki. Tafuta bisibisi yenye kipimo cha ukazaji. Mkono wako hauna kipimo, wangu pia. Soma karatasi ya mtengenezaji. Kofia za pete kwa kawaida ni kama nyutoni mita 2, kidogo kuliko unavyodhani, na ukizidisha unaibana darubini mpaka viungo vya ndani vinagoma. Pete ukiiweka kwenye mfereji wa besi isukume mbele mpaka igote ndipo ukaze, maana teke linaivuta bunduki nyuma huku darubini kwa uzito wake inataka kubaki palepale, na ile nafasi iliyoachwa ndiyo itakayoliwa. Na usichanganye pete za Weaver na mfereji wa Picatinny, hizo ni aina mbili tofauti za besi, ukadhani zimeenea. Zinaingia, lakini mfereji wa Picatinny ni mpana zaidi, zinabaki na uchezo.

Ukimaliza, chukua rangi ya kucha, chora mstari mwembamba kutoka kichwa cha kila skrubu mpaka kwenye chuma. Skrubu ikizunguka, mstari unakatika na unaona kwa macho. Kopo langu la rangi ya kucha ni jekundu na linakaa kwenye begi la bunduki, na nimeshatoa maelezo marefu kuhusu jambo hilo nyumbani.

Halafu uwanjani, chora mstari wima wa mita moja kwenye karatasi, mita 100, uhakikishe umenyooka kwa uzi wenye jiwe. Piga chini. Pandisha darubini mil 10 (mil moja ni sentimita 10 kwa mita 100) na ulenge pale pale chini. Risasi inatakiwa ipande mita moja kamili, na juu ya mstari, si pembeni. Rudisha mil 10, piga tena, irudi kwenye tundu la kwanza. Ikigoma, usianze kununua risasi nyingine kama mimi. Na ukifika porini baada ya safari, piga moja mita 100, mtutu ukiwa baridi, hata kama wenzako watanung'unika kuhusu kelele. Wanyama watarudi.

Kaliba, haya, usije ukasema nimekunyima jibu. Watu wanaangusha kulungu kwa .30-06 tangu 1906, kwa .270 tangu 1925 na kwa .308 tangu 1952. 6.5 Creedmoor ilikuja 2007 na inapiga teke dogo, kwa hiyo utafanya mazoezi nayo bila bega kuvimba. Mimi sasa natumia hiyo. Ukitaka .300 chukua, ila isiwe ile nyepesi ya kubeba mlimani, itakupiga mpaka uanze kumwamini fundi. Upepo ndio utakaokusumbua: wa kilomita 16 kwa saa kutoka ubavuni unaisukuma .308 zaidi ya sentimita 30 ikifika mita 400, na hakuna skrubu ya kulitatua hilo. Ndiyo maana mimi mwenyewe nimejiwekea mwisho wa mita 300, na nikiona majani yanapepea nashuka hapo. Mita 500 zako nawaachia wengine.

Mtutu na uzito wa risasi nimesahau ulitaka nini hasa, kuna jamaa hapo juu amekuandikia vizuri, msome. Mimi nataka kitu kimoja tu kwako. Hizo pete hujanunua bado, darubini haijapanda, kwa hiyo besi iko wazi. Leo usiku kata ukanda wa karatasi, upenyeze mbele ya hiyo besi ya bure, halafu rudi uandike hapa umeingia au umegoma.