Je, ni haki kuihukumu filamu kwa trela yake?

Ndugu uliyeuliza, umesema trela ya filamu inayohusu Unguja ya miaka ya 1950 imekukera kwa mambo mawili: hadithi inatabirika, na wanawake wamevaa abaya za siku hizi badala ya buibui la zamani la kujifunga. Kwa maoni yangu una haki ya kulalamikia moja, na lingine ulisubirie. Nimekuwa mhariri wa video Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na sehemu ya kazi yangu ni kukata trela za filamu za watu wengine.

Mara nyingi anayetengeneza trela si mwongozaji, na filamu yenyewe huwa haijakamilika. Hupokea picha ambazo rangi zake hazijasawazishwa, sauti ni ile iliyonaswa siku ya kurekodi, na muziki bado haujatungwa, kwa hiyo hutafuta muziki wa kushikizia na kupanga vipande kwa kufuata mdundo wake. Nikihitaji jibu kali, naweza kuchukua sentensi aliyoisema mama hospitalini mwishoni mwa filamu, nikaiweka juu ya uso wa binti anayegeuka mlangoni katika tukio la mwanzo, na mtazamaji akaamini kabisa kwamba wawili hao wanagombana, ilhali katika hadithi siku hiyo hawakukutana. Ndiyo maana mtu akiniambia, baada ya kutazama dakika mbili, kwamba filamu ina kasi au kwamba mwisho wake unajulikana, simkubalii: kasi ni ya mhariri, na huo anaouita mwisho huenda ni tukio la katikati lililohamishwa.

Yapo, hata hivyo, mambo ambayo mhariri wa trela hana mamlaka nayo, yaani maumbo ya wahusika, mavazi, mandhari na namna mwigizaji anavyotamka maneno. Kisa kinacholionyesha hili vizuri ni cha filamu ya Sonic the Hedgehog, ambayo trela yake ya kwanza ilitoka tarehe 30 Aprili 2019. Mhusika huyo, ambaye wachezaji wa michezo ya video walikuwa wakimfahamu tangu 1991, alionekana na macho madogo yaliyotenganishwa na meno kama ya binadamu. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba siku chache baadaye mwongozaji, Jeff Fowler, alitangaza kwamba umbo hilo lingebadilishwa. Filamu ikasogezwa kutoka Novemba 2019 hadi Februari 2020, na hatimaye ikaingiza zaidi ya dola milioni 300 duniani. Wapo walioulalamikia pia wimbo wa Coolio uliotumika katika trela ile, lakini wimbo wa trela hubadilishwa na mtu mmoja mezani kwake, ilhali kubadilisha umbo la mhusika kulidai wahuishaji, yaani mafundi wanaomchora kwa kompyuta, warudie kazi katika kila picha anamotokea. Tawi la Vancouver la kampuni ya MPC, mojawapo ya waliofanya kazi hiyo, lilifungwa Desemba 2019, na huniuma kila kisa hiki kinaposimuliwa kama ushindi wa mashabiki peke yao.

Kuhusu kuonyeshwa kitu ambacho hakimo, mwaka 2022 watazamaji wawili Marekani waliishtaki studio kwa sababu mwigizaji Ana de Armas alionekana katika trela ya filamu ya Yesterday lakini hakuwemo kwenye filamu yenyewe, na jaji akaona kwamba trela ni tangazo la biashara, hivyo sheria za matangazo zinaweza kuihusu.

Mimi huitazama trela mara ya kwanza bila sauti, nikiziangalia zaidi picha zinazodumu kwa sekunde kadhaa bila kukatwa, kwa kuwa humo uigizaji na mavazi havina pa kujificha. Nikifungulia sauti, huchunguza kama midomo inaonekana ikitamka maneno ninayoyasikia. Yakisikika wakati msemaji yuko kisogo, siyategemei kunieleza hadithi.

Abaya ulizoziona, basi, ndizo zitakazokuwemo kwenye filamu, kwa maana watayarishaji wetu ni nadra kuwa na fedha za kurudi kurekodi. Waandikie sasa, uwatajie tukio lenyewe na uwaeleze buibui la wakati ule lilivyofungwa, kwani kama uhariri haujafungwa, picha za karibu zinaweza kubadilishwa kwa zile za mbali zilizokwisha kurekodiwa.