Besi Inayomezwa na Ngoma

Swali: Mhariri, napiga gita la besi katika bendi ya benga hapa Kondele, Kisumu. Nikiongeza besi kwenye ampu (kikuza sauti), sauti huvuma tu na noti hazitambuliki. Ninunue pedali ipi, yaani kifaa cha mguuni cha kubadilisha sauti ya gita?

Jibu: Ndugu msomaji, usinunue kitu kwanza. Uzi mnene wa E hutoa takriban hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), masafa ya chini ambayo spika ndogo hushindwa kuyatoa vizuri, kwa hiyo kuyaongeza huichosha ampu bure. Kwenye ikwalaiza, yaani vitufe vya ampu vya kupandisha na kushusha masafa mbalimbali, punguza eneo la hezi 250, ambako mvumo hukusanyika, kisha pandisha kidogo hezi 800, kwa kuwa hapo ndipo vidole husikika, na katika benga besi ni lazima isikike ikijibizana na gita la solo. Baadaye, pedali ya kompresa itasawazisha noti kali na hafifu. Distoshani, yaani pedali ya kukwaruza sauti, iache kabisa kwa sasa.