Maswali Yenu: Kriketi ya Kenya, Kutoka Katiba Hadi Mkeka

Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka wa 2003. Mbona leo hata haisikiki? (Msomaji, Nakuru)

Usikubali kuambiwa kwamba timu ile ilibahatisha. Ni kweli New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, nasi tukapata pointi bila kucheza. Lakini Sri Lanka walikuja uwanja wa Gymkhana, Nairobi, tarehe 24 Februari wakalala kwa mikimbio 53 (mikimbio ndiyo alama za kriketi), mrushaji wetu Collins Obuya akiwaangusha wapigaji watano huku akiruhusu mikimbio 24 pekee.

Kilichokosekana ni mashina. Timu ya taifa ilitegemea vilabu vichache, vingi vya Nairobi, na hapakuwa na ligi ya kudumu ya mechi za siku kadhaa ya kuwapika warithi. Mwaka wa 2004 wachezaji waligoma kwa sababu ya malipo. Mwaka uliofuata chama cha zamani kikang'oka, Cricket Kenya ikashika usukani. Katika mechi za mchujo wa Kombe la Dunia za 2014 kule New Zealand tulipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Hadhi hiyo ikienda, mechi kubwa zinapungua na wafadhili wanaaga. Februari 2018 tukashuka hadi Divisheni ya Tatu ya ligi ya dunia ya kriketi. Nahodha, kocha na mwenyekiti wote wakajiuzulu.

Chama kimeifungia klabu yetu bila kutusikiliza. Twende wapi? (Katibu wa klabu, Mombasa)

Kwanza toeni cheti chenu cha usajili. Sheria ya Michezo ya 2013 inatambua ngazi tatu: klabu, chama cha kaunti na shirika la kitaifa. Zote husajiliwa na Msajili wa Michezo, na klabu isiyo na cheti itapata shida kusikizwa popote.

Pili, someni katiba ya shirika la kitaifa, yaani Cricket Kenya, kipengele kwa kipengele, mtafute kifungu cha rufaa. Hapa ndipo wengi hukwama. Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo husikiliza rufaa dhidi ya uamuzi wa shirika la kitaifa ikiwa kanuni za shirika lenyewe zinaruhusu rufaa hiyo. Zisiporuhusu, itabidi pande zote zikubali kwenda huko, na Jopo nalo likubali. Maamuzi ya Msajili, hata hivyo, yana njia yake ya rufaa hapo hapo kwenye Jopo. Kwa hiyo malizeni kwanza ngazi za ndani, kwa barua zilizopigwa muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya simu hayaachi ushahidi.

Msikimbilie kumwomba Waziri avunje uongozi. Sheria inampa nafasi ya kuingilia kati, lakini Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC) halitaki serikali iendeshe chama. Zimbabwe ilisimamishwa Julai 2019 baada ya tume ya michezo ya serikali kuwaweka kando viongozi wa kriketi. Iliporudishwa Oktoba, timu yake ya wanaume ilikuwa imepoteza nafasi katika mchujo wa Kombe la Dunia la T20, na Nigeria ikaichukua. Walioumia ni wachezaji.

Shule yetu haiwezi kutunza pichi ya nyasi. Saruji itafaa? (Mwalimu wa michezo, Kakamega)

Itafaa sana, mkitandika mkeka wa makumbi juu yake. Kati ya vijiti (vile vitatu vinavyosimikwa nyuma ya mpigaji) vya upande huu na ule ni mita 20.12. Kanuni zinakubali uso usio wa nyasi wenye urefu usiopungua mita 17.68 na upana usiopungua mita 1.83, vijiti vikisimama nje ya uso huo, lakini mkipata nafasi ongezeni kila upande, ili mrushaji asikanyage nusu saruji, nusu udongo.

Mwageni zege la sentimita 10 juu ya kifusi kilichoshindiliwa vizuri, kisha mpitishe ubao ulionyooka juu yake kabla halijakauka. Kinundu kidogo tu hufanya mpira urukie uso wa mtoto. Jazeni udongo pembeni hadi usawa wa zege, la sivyo vifundo vya miguu vitateguka. Mkeka ufungwe upande mmoja, uvutwe kwa nguvu, kisha upigiliwe pande zote. Ukilegea hufanya mikunjo: mpira mmoja unatambaa, unaofuata unaruka. Kagueni misumari kabla ya kila mechi. Wapigaji wanaocheza mpira wa ngozi wavae kofia ngumu. Wadogo waanze na mpira laini.