Kamba ya chelezo: nivute mpaka wapi?

SWALI: Mimi ni baharia kwenye meli ya mizigo, tunatoka Port Bell kwenda Mwanza. Sitahani tuna chelezo cha kujiokolea ndani ya pipa jeupe. Tuliambiwa tu: "Mambo yakiharibika, tupeni majini mvute kamba." Nivute mpaka wapi? Na je, meli ikizama kabla hatujalifikia pipa?

JIBU: Ndugu baharia, waliokuelekeza wameruka jambo la kwanza. Kabla ya kutupa pipa, hakikisha mwisho wa kamba umeshikamana na meli. Usiposhikamana, upepo wa ziwa utalichukua pipa mbele ya macho yenu.

Litupeni upande wa demani, yaani usiopigwa na upepo, kisha vuta. Kamba ya chelezo cha kiwango cha SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, haipungui mita 15, na wengi hukata tamaa katikati wakidhani kimeharibika. Endelea mpaka ikaze, halafu ipige mvuto mmoja wa nguvu. Huo ndio unaofungua mtungi wa gesi. Kwenye joto la nyuzi 18 hadi 20 chelezo hujaa ndani ya dakika moja, na huku kwetu kuna joto zaidi. Mkisikia mluzi wa gesi msiogope: vali zinatoa iliyozidi. Kamwe msikijazie sitahani.

Kikijaa kichwa chini, kizungushe mtungi uwe demani, panda ukingo wenye mtungi, shika mkanda wa chini na ujilaze nyuma kwa uzito wako wote. Mtu mmoja anaweza. Wote wakishaingia, kata kamba kwa kisu kilicho mlangoni, shusha nanga ya kuelea, ile inayozuia chelezo kupeperushwa haraka.

Swali lako la pili ndilo linalonitia wasiwasi. Kando ya pipa kuna kifaa kidogo kinachofunguliwa na msukumo wa maji kabla ya kina cha mita 4. Pipa huelea, meli inayozama huivuta kamba, chelezo hujaa, kisha kiungo dhaifu kinachoshikisha kamba kwenye meli hukatika na kukiachia. Lakini kamba ikifungwa moja kwa moja kwenye reli badala ya kwenye kiungo hicho, chelezo kitazama na meli. Ukiingia zamu, ifuate kamba kwa macho tangu pipani hadi mwisho wake, na usome tarehe ya ukaguzi; hufanywa kila miezi 12. Ukikuta kasoro, mwambie nahodha kabla hamjang'oa nanga.