Kwa mwalimu mgeni anayetaka kufuga kuku Kalokol

Mwalimu mwenzangu uliyeletwa huku Turkana, karibu na ziwa, ukishapata nyumba na kitanda, najua kitu cha tatu utakachowaza ni kuku. Mimi pia niliwawaza. Nimetoka Kakamega, ambako mgeni hajakaribishwa kama hajachinjiwa kuku, na nilipoona uwanja wa Kalokol, mchanga mtupu usio na mahindi ya jirani ya kuharibiwa, nikajua nimepata mahali pa kuwaachia wazurure. Kuku wanafugika hapa, tena vizuri. Ila kule kwetu tumezoea kwamba mchana kuku yuko nje anatafuta riziki. Hapa mchana kuku hukaa. Anatafuta alfajiri, anatafuta tena jua likianza kushuka, na wewe mfugaji shughuli zako zote zifuate saa hizo.

Nililijua hilo baada ya hasara. Nilikuwa nimewawekea maji mengi kwenye karai la bati, katikati ya ua, ili wayaone. Saa saba natoka darasani nakuta mitetea wawili wamelala kifudifudi, mabawa wameyatenga na mwili, midomo wazi, koo zinapigapiga haraka kama moyo wa mtoto aliyekimbia. Hatua nne tu kutoka kwenye maji! Nikadhani ni ugonjwa. Jirani yangu, mama mzee anayesuka vikapu vya mkoma, akaja, akatia kidole kwenye karai, akakichomoa upesi.

"Mwalimu, haya ni maji ya kuchemshia chai."

Tukawabeba hadi kwenye kivuli chake, tukawalowesha miguu, undu na chini ya mabawa kwa maji ya mtungini. Mmoja aliinuka jioni. Wa pili hakuinuka.

Kuku hatoki jasho. Mwili wake kwa kawaida una joto la nyuzi 41 hivi, na joto la ziada hulitoa kwa kuhema, kwa undu, na kwa miguu. Akihema anapoteza maji, na maji hayo lazima ayarudishe. Siku ya kawaida hunywa kama robo lita. Siku ya joto kali anaweza kufikisha nusu. Lakini maji ya moto atayaonja, atikise kichwa, aondoke. Kwa hiyo tafuta chungu cha udongo kisichopakwa rangi, ukizike nusu kwenye mchanga mahali ambapo jua halifiki siku nzima. Maji yanayopenya kwenye udongo hukauka nje na kuyapoza yaliyobaki ndani. Mimi huyabadilisha mapumziko ya saa nne na tena saa nane, na siku nikiwa na mkutano namwachia mtoto wa jirani kazi hiyo, kwa yai.

Banda usilijenge la mabati. Najua mabati ndiyo yanayoonekana ya maana, na fundi atakushawishi. Tazama akai, kibanda cha Waturkana cha kulala: fito zilizopindwa, juu makuti ya mkoma, hewa inapita kila upande. Nakili hiyo. Inua sakafu kimo cha goti, urefu wake uende kutoka mashariki hadi magharibi ili jua la asubuhi na la jioni lipige kwenye ncha fupi, na mlango usiukabili upepo wa kusini-mashariki, maana ule huja na mchanga. Wazee wa hapa wakimsikia mgeni ana mipango mikubwa humwonyesha kile kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norwe na kumalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kugandisha samaki katika joto hili kulihitaji umeme na maji safi kwa gharama iliyozidi mapato, kikafungwa baada ya muda mfupi sana. Jengo bado lipo. Nenda ukalione kabla hujanunua mabati.

Sasa mayai, kwa sababu hapa ndipo wageni wengi hukata tamaa. Mtetea wangu wa kwanza kulalia alikuwa na mayai 12. Siku 21 zikapita, ya 22, ya 23. Nikayavunja. Tisa yalikuwa na duara jembamba la damu, basi, hakuna zaidi. Nilimlaumu jogoo bure. Yai lililorutubishwa huanza kukua polepole joto likipita nyuzi ishirini na kitu, hata bila kuku kulilalia. Nyumbani Kakamega yai hukaa jikoni wiki nzima limetulia. Hapa linaanza kukua mchana, usiku linasita, kesho linaanza tena, na kiumbe kile kidogo kinakufa kabla mama yake hajaketi.

Kwa hiyo okota mayai mara mbili kwa siku. Mimi huyaweka ndani ya karai lenye mchanga wenye unyevu, juu nimetandaza gunia lililoloweshwa, chini ya kitanda ambako ndiko kuna ubaridi nyumba nzima. Usiyakalishe zaidi ya siku tano. Siku ya saba ya kulalia, usiku, pitisha tochi: ukiona mishipa kama mizizi midogo, rudisha; ukiona duara tu au weupe mtupu, toa. Na Februari na Machi usilazimishe kuku kulalia kabisa.

Mbegu nunua ya hapa hapa au mjini Lodwar. Wale kuku walioboreshwa wenye miili mizito huzidiwa na joto mapema. Ukimpata kishingo, yule mwenye shingo tupu, mchukue bila kubishana bei sana. Ngozi yake iliyo wazi ndiyo dirisha lake.

Chakula wape alfajiri na baada ya saa kumi. Kusaga chakula tumboni kunaongeza joto, usiwalishe adhuhuri. Vichwa vya samaki viko tele ufuoni, vianike, vitwange, changanya na mtama. Ila chukua visivyotiwa chumvi, kwa maana chumvi huua kuku haraka kuliko unavyodhani, na usizidishe, mayai yatanuka samaki na mwalimu mkuu hatayanunua tena.

Mwewe wapo wengi kwa sababu ya samaki hao hao. Vifaranga wafunike kwa tenga hadi wafikishe mwezi na nusu. Kwenye vichaka vya mathenge, ule mti wa miiba, kuna nguchiro, na miiba ya mti huo huvimbisha nyayo za kuku, kwa hiyo fyeka karibu na banda.

La mwisho ni mdondo, ambao madaktari wa mifugo huuita Newcastle. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua kuku wawili sokoni kabla ya Krismasi nikawachanganya na wangu siku ile ile. Baada ya wiki niliona kinyesi cha kijani, kisha shingo kupinda. Kati ya 31 walibaki wanne, na kuku wa majirani zangu pia walikufa. Hilo bado linaniuma, kwa kuwa wao hawakununua chochote.

Mgeni yeyote wa banda mtenge wiki mbili. Na chanjo isikose, kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja huwa ya kuku 100 au zaidi, nasi hakuna mwenye kuku 100, kwa hiyo tunachanga nyumba nane. Mmoja huenda Lodwar, kama kilomita 60, na chupa ya chai yenye barafu, anarudi jioni, na kabla hakujapambazuka, kuku wakiwa bado bandani, tunapita mlango kwa mlango: tone moja jichoni, subiri apepese, mshike mwingine. Chanjo ikishachanganywa haingoji jua. Zamu ijayo ya kwenda Lodwar ni yangu. Leta hesabu ya kuku wako kabla ya Ijumaa.